Mchezo ukikwama, usikimbilie kununua

Bunia – Kijana mmoja wa mtaa wa Lumumba, mwenye chumba kidogo cha michezo, alikuwa karibu kutoa akiba yake yote ya dola anunue kadi mpya ya grafiki. Mashini yake ya mezani, aliyoinunua ikiwa imeshatumika, ilichezesha mpira vizuri dakika kumi za kwanza. Kisha wachezaji walianza kurukaruka kwenye ekrani, na wateja wakadai pesa yao.

Hizo dakika kumi ndizo zilimpa fundi jibu. Mashini iliyo dhaifu huonyesha udhaifu tangu mwanzo. Ile inayoanza vizuri halafu ikachoka, mara nyingi inasumbuliwa na joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Na vumbi la kiangazi mjini Bunia halichagui nyumba wala ventilateri. Fundi alizima mashini, akachomoa waya wa umeme, akapangusa vumbi kwa burashi laini na kubadilisha pasta iliyokauka juu ya prosesa. Mchezo ukarudi sawa, na dola zikabaki mfukoni.

Kama mchezo ni mzito tangu mwanzo, kuna mambo matatu ya kuangalia bila kulipa chochote. Kwanza, waya wa ekrani: uchomekwe kwenye kadi ya grafiki, si kwenye tundu la ubao mkuu, ukikosea hapo, kadi inaweza kukaa bure. Pili, kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uone ni nini kimejaa: prosesa, memori au diski. Tatu, punguza ukubwa wa picha ndani ya mchezo. Mwendo ukiongezeka, kadi ndiyo imelemewa. Usipobadilika, mzigo uko kwingine, na kadi mpya haitasaidia.

Wengi husingizia umeme. Umeme ukishuka sana, mashini ya mezani huzimika au hujiwasha upya. Stabilizateri huilinda, lakini haiiongezei mwendo.

Bei ya kadi moja, katika nyumba nyingi za hapa, ni pesa ya masomo ya mtoto. Kabla ya kuitoa, heri mtu ajue kwanza mashini yake inaumwa nini.