Msusi Sina Nywele, Saluni Iko Wazi!

Nyie wa Sinza, Kijitonyama na kwingineko kwenye taa za barabarani, leo nawachukua mpaka Ikungi. Ikungi ndio wapi? Haya, panda basi la Singida pale Dodoma, pita Bahi, pita Manyoni, ukianza kuona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya lami na upepo unataka kukuvua kofia, anza kukusanya mizigo yako. Wilaya yetu bado changa, ilizaliwa 2012 ilipomegwa kutoka Singida Vijijini. Hapo karibu na stendi mwenzenu nina saluni. Twende kilioni, yebo yebo, rasta, rilaksa, kila kitu unapata, na umbeya juu, bure kabisa.

Sasa sikieni kasheshe. Septemba 2024, naoga zangu, mkono ukagusa kitu kigumu kwenye ziwa la kulia, kama punje ya njegere. Hakiumi, hakiwashi. Nikaenda hospitali, wakachukua kinyama kupima, tukasubiri majibu, yakaja: saratani. Nilikuwa na miaka 31, watoto wawili, mkubwa wa kike wa miaka minane na mdogo wa kiume wa miaka mitatu, na deni la draya mbili nilizokopa kikoba. Nawaambieni kweli, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa kifo. Ni lile deni!

Novemba nikafanyiwa upasuaji, ziwa likaondoka. Hayo siyapambi, yalipita. Kazi ilianza Januari 2025, pale nilipoandikiwa dripu nane, kila baada ya siku 21, Ocean Road, Dar es Salaam. Daktari akaniambia, “Dada, na nywele zitakwenda, lakini zitarudi.” Nikamuuliza anajua ninafanya kazi gani. Hakujua. Nilipomwambia, maskini kijana wa watu alishindwa aangalie wapi.

Kwa wale ambao Ocean Road mnaisikia tu kama jina la kutisha, ngoja niwaeleze. Lile jengo la zamani lilimalizwa na Wajerumani mwaka 1897, na Robert Koch mwenyewe, yule mtaalamu wa vijidudu vya kifua kikuu, aliwahi kufanya kazi pale. Mwaka 1996 ndio ikawa taasisi ya saratani inayojitegemea. Ipo jirani na Ikulu, bahari iko mbele yako, upepo mwanana. Miaka mingi hapa nchini ukitaka mionzi ilikuwa ni pale tu, mpaka Bugando ya Mwanza nayo ilipoanza. Ndio maana kwenye lile benchi unakaa na Mmakonde kulia, Mhaya kushoto, na bibi wa Kipemba nyuma anayewagawia wote tende. Mimi Mnyaturu wa watu, niliyekulia kwenye mtama na mawe, nikawa naangalia meli huku nasubiri kuitwa jina.

Lakini sikuja kuwasimulia hospitali. Nimekuja kuwasimulia nyumbani, maana huko ndiko vita ilikopiganwa.

Dripu ya kila siku 21 ina kalenda yake, na kalenda hiyo haijali kama una harusi, msiba au mtoto ana mtihani. Sisi nyumbani tuliigawa hivi. Wiki ya kwanza tuliiita “wiki ya kitanda”. Nimerudi kutoka Dar, dawa ile nyekundu iko mwilini (mara ya kwanza nilipokwenda haja ndogo nikaona nyekundu nilipiga kelele mpaka jirani akaja, kumbe ni rangi ya dawa tu!), tumbo limechafuka, harufu ya kitunguu kikikaangwa naisikia kutoka nyumba ya tatu. Wiki ya pili ni “wiki ya mafua”. Hapo unajiona umepona, kumbe ndio kinga iko chini kabisa. Hospitali walishatuonya, joto la mwili likifika 38 hakuna kunywa panadol na kulala, ni kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Baba watoto akanunua kipima joto, akakitundika ukutani pembeni ya picha ya harusi. Mwenye kikohozi aliishia mlangoni. Na wiki ya tatu ni “wiki ya mtaji”. Hiyo ndio nilikuwa mtu!

Wiki ya mtaji ndiyo iliyolipa ada, deni la draya na nauli ya kurudi Dar. Wateja wote wa maana niliwapanga humo. Nikachukua kalenda ya ukutani, nikapaka rangi ya kucha: nyekundu kitanda, njano mafua, kijani mtaji. Mtu akija kuniambia sendofu yake ni tarehe fulani, naangalia kalenda kwanza. Kuna bibi harusi mmoja alilia machozi, sendofu yake imeangukia kwenye nyekundu. Siku hiyo nilibebwa kwa bodaboda, nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki na ndoo pembeni (mnajua ya nini), nikawa namwelekeza kwa mdomo binti niliyekuwa namfundisha kazi. “Kaza hapo. Legeza hapo. Usimvute sikioni.” Bibi harusi alitoka anang'aa, na yule binti akajua siku ile kwamba anaweza. Kumbukeni hilo, mbele nitarudi kwake.

Mkono nao ulikuwa na mambo yake. Ukikatwa ziwa na kuondolewa tezi za kwapani, mkono wa upande ule hautaki kubebeshwa mizigo mizito, unaweza kuvimba. Kusuka ni mikono juu kutwa nzima, wanawake wenzangu mnajua. Nikafundishwa zoezi la kupandisha vidole ukutani taratibu kama buibui. Mwanangu wa kiume akadhani ni mchezo. Kila jioni tulikuwa wawili ukutani, buibui mkubwa na buibui mdogo. Tatizo lake lilikuwa moja tu, anataka kubebwa. Kumweleza mtoto wa miaka mitatu kwamba mama hawezi kumbeba, nawaambieni dripu ni nafuu. Tukapatana: mimi nakaa chini kwenye mkeka, yeye anapanda mwenyewe.

Nywele ziliondoka baada ya dripu ya kwanza, siku ya 17. Ziliondoka saluni, mbele ya mteja! Nilijikuna kidogo tu, fungu zima likabaki mkononi. Mteja akanyamaza, mimi nikanyamaza, redio ikaendelea kuimba. Jioni nikamwita binti yangu, nikampa mkasi. Sikutaka ashtuke asubuhi moja akute mama ana kipara. Akakata kwa utulivu kama fundi, ulimi nje. Halafu akauliza, “Mama, na mimi utanisuka tena?” Nikamwambia ndiyo. Akauliza, “Wiki ya rangi gani?” Mtoto wa msusi huyo!

Tena wiki nyekundu ikifika alimsukisha baba yake. Jamani, mwanaume anayenunua na kuuza alizeti, mikono imezoea magunia, akakaa kwenye kigoda na kitana. Mistari ilipinda kama barabara ya mlima Sekenke. Mwalimu wa zamu akamuuliza mtoto kasukwa na nani, akajibu kwa sauti, “Baba!” Darasa zima likacheka. Kesho yake akataka baba amsuke tena.

Si wote walikuwa wa kufurahisha. Kuna wateja walihama kimyakimya. Mmoja nilisikia anasema kitana changu kinaambukiza. Saratani haiambukizi, ndugu zangu, si kwa kitana, si kwa taulo, si kwa kukaa kiti kimoja. Wengine walisema nimerogwa kwa sababu ya zile draya, eti mwenye wivu katupa kitu. Kikao cha ukoo kikaitishwa, wazee wakakaa, ikasemwa twende kwa mtaalamu fulani huko mbali, yeye hana kisu wala dripu, anakunywesha mizizi na kisa kinaisha. Mama mkwe alikuwa ameshaandaa mpaka kuku wa kupeleka.

Mimi sikumjibu. Mama mkwe hajibiwi kwenye kikao. Aliyesimama ni mume wangu, na nilikuwa sijawahi kumsikia akizungumza mbele ya baba zake wadogo zaidi ya salamu. Akasema, “Wazee wangu, shikamooni. Hospitali wamesema dawa yoyote ya pembeni waambiwe kwanza, maana nyingine zinagombana na dripu kwenye ini. Kama mnataka kusaidia, kuna shamba la alizeti linasubiri kuvunwa na mke wangu hawezi kuinama.” Kimya! Baba mdogo mmoja akakohoa. Wiki iliyofuata ukoo mzima ulikuwa shambani, na wale kuku wa mganga wakachinjwa hapohapo wakaliwa na ugali wa mtama. Mimi nilipelekewa supu. Mama mkwe akahamia kwangu mpaka Agosti, na kwa uchungu wa wale kuku, miezi mitatu hakunipikia kitu kingine zaidi ya mlenda. Mlenda nao, kwa mtu mwenye vidonda mdomoni kutokana na dawa, unateleza wenyewe. Bibi kizee alikuwa daktari bila kujua.

Safari zenyewe? Tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, kwa hiyo nilipanda basi mpaka Dodoma, kisha treni mpaka Dar. Jumapili naondoka, Jumatatu natolewa damu na kumwona daktari, Jumanne dripu, Jumatano napumzika kwa shangazi Kigamboni, Alhamisi narudi. Lakini kuna siku damu inakataa. Dripu ya tano nilifika, wakapima, chembe nyeupe ziko chini, nikaambiwa siwezi kupewa, tusogeze wiki moja. Kwenye karatasi ni wiki moja. Nyumbani ilimaanisha kalenda yote imegeuka: wiki ya mtaji imehamia kwenye likizo wakati wateja wanafunzi wamekwenda kwao, kijani imekuwa njano, na sendofu mbili hazina msusi. Nilikaa kwenye pantoni ya Kigamboni nikapiga simu 11 nikipangua na kupanga. Yule muuza korosho aliyekuwa karibu yangu akaniuliza, “Dada, wewe ni katibu wa waziri?”

Julai ikaja mionzi, na hii ndiyo iliyoniumiza kuliko vyote, ingawa yenyewe haiumi. Unalala chini ya mashine dakika chache, unatoka. Shida ni kwamba ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, mara 15, kwa hiyo hakuna kwenda na kurudi Ikungi. Wiki tatu mbali na watoto kwa ajili ya dakika chache kwa siku! Jioni tulizungumza kwa simu. Mkubwa alinisomea maswali ya hesabu, mimi nikatafuta jibu kwenye mchanga wa ufukweni kwa kijiti. Mdogo hakutaka kuzungumza, alikuwa amenuna. Siku niliyorudi alinipita kama hanijui, akaenda ukutani, akaanza kupandisha vidole. Nikaweka begi chini nikamfuata.

Nikiwa Dar nilijifunza na jingine. Kwa wanawake wa Tanzania inayoongoza ni saratani ya mlango wa kizazi, hii ya matiti ni ya pili. Ile ya kwanza ina chanjo, ilianza kutolewa nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni sindano moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14. Binti yangu alipotimiza tisa nilimpeleka mwenyewe. Na nyie dada zangu wa mjini, mnaojua bei ya kila wigi Kariakoo, jikaguzeni matiti kila mwezi. Wanaume nao wanaipata, msicheke.

Sasa natumia kidonge kimoja kila siku, nimeambiwa si chini ya miaka mitano, na kliniki ni kila baada ya miezi mitatu. Nywele zimerudi, lakini zimerudi za kujiviringa kama za mtoto mchanga, wateja wanauliza nimeweka dawa gani. Nikiwajibu ukweli wanadhani nawaficha siri ya biashara.

Na yule binti wa kiti cha plastiki? Amefungua saluni yake ng'ambo ya barabara, ameipaka rangi ya waridi, redio yake kubwa kuliko yangu. Wateja wangu watatu wameshahamia, nawaona kupitia dirishani wakijifanya hawanioni. Jumapili naondoka tena kwenda Dar kwa vipimo. Nimemwachia funguo na mteja mmoja wa Jumatatu, mtu mwenye nywele ngumu kweli. Alhamisi jioni nipo, Ijumaa nafungua saa mbili.