Baiskeli Isiyo na Keria

Siku nilipoileta baiskeli nyumbani, Baba aliizunguka mara mbili bila kusema neno. Akabonyeza tairi kwa kidole gumba kama mtu anayechagua parachichi. Kisha akauliza, "Na mzigo unakaa wapi?"

"Haina keria, Baba. Ni ya kupanda mlima."

"Kwani hapa tunaishi wapi?" akasema, akaenda kukamua ng'ombe.

Ili uelewe swali lake lazima uijue baiskeli yake. Ni Black Mamba, zile nyeusi zenye breki za vyuma virefu, gia moja, na keria aliyoiongezea kwa welda hadi ikatosha gunia. Kabeji zetu zilishuka nayo hadi soko la Karatina miaka yote niliyokuwa shule. Asubuhi ilishuka na kabeji, jioni ilipanda ikisukumwa, noti zikiwa ndani ya mfuko wa koti. Karo yangu ilitoka hapo. Baadaye nduthi zikajaa barabarani na kabeji zikapata miguu mingine, lakini Mamba bado iko, imeegemea ukuta wa jikoni, na Baba bado huipaka mafuta kila Jumapili kabla ya kanisa.

Mimi nilitaka kinyume chake. Vijana wa baiskeli huiita haditeli: mbele ina shokabu, nyuma imekaza tu, mwili wa mtu ndio springi. Nilikuwa nimesoma habari za David Kinjah, aliyekuwa akiwafundisha vijana kule Kikuyu, mmoja wao akiwa Chris Froome, ambaye alikuja kushinda Tour de France mara nne kuanzia 2013. Nikasoma pia kuhusu wale jamaa wa Marin, California, ambao miaka ya 70 walichukua baiskeli kuukuu na nzito na kushuka nazo mlima kwa fujo. Njia moja waliita Repack, kwa sababu breki ya gurudumu la nyuma ilichemka hadi grisi ikageuka moshi, na ukifika chini lazima uifungue uipake upya. Nilicheka niliposoma hayo. Baiskeli zao zilikuwa binamu za Mamba ya Baba.

Fremu niliipata Nairobi kwa muuzaji wa mitumba: alumini, magurudumu ya inchi 26, rangi imekwanguka. Shilingi 6,500. Nilikuwa nimelipwa makala mawili kwa mkupuo, jambo ambalo halitokei sana. Ilivyokuja, yote ilikuwa kilo 14.1. Najua kwa sababu niliitundika kwenye mti wa parachichi, kwa ile mizani ya Mama ya kupimia viazi.

Hapo ugonjwa ukaanza. Mizani ya Mama haioni vitu vidogo, kwa hivyo nikawa napeleka vipuri kwa jamaa wa bucha mwenye mizani ya dijitali. Watu wako kwenye foleni ya nusu kilo, mimi nimeweka shokabu juu ya mizani. "Hiyo haina mafuta kabisa," mama mmoja alisema. Shokabu ya zamani, ya springi ya chuma, ilikuwa kilo mbili na nusu. Nikapata ya hewa, gramu 1,700. Meno ya mbele yalikuwa seti tatu, nikabakisha moja ya meno 30. Nikatoa stendi, nikatoa kengele, nikatoa hata vifuniko vya valvu, na hapo ndipo ungenishauri nitulie. Fundi wangu, ambaye kibanda chake kiko karibu na reli, alikuwa akinitazama tu. "Maze, wewe mwenyewe umekula chai na mkate leo," aliniambia. "Hiyo ni gramu ngapi?"

Kitu cha mwisho kilikuwa bomba la kiti. Lilikuwa refu, sehemu kubwa imezama ndani ya fremu ambako hakuna mtu anaiona. Nikalikata sentimita tisa kwa msumeno wa chuma. Lina mstari uliochorwa, unaosema usilivute kupita hapa. Ule mstari uliondoka na kipande nilichotupa. Gramu 60.

Kilo 11.3.

Sitadanganya, ilikuwa tamu. Kutoka mjini hadi ukanda wa chai ni kupanda tu, na kwa mara ya kwanza kilima hakikunivuta shati kutoka nyuma. Nilipita kahawa, nikaingia chai, nikafika pale Nyayo Tea Zone inapotenganisha mashamba na msitu wa Mlima Kenya. Ukishuka huko kwenye murramu, nyuma ikirukaruka, unajifunza kusimama juu ya pedali na kuacha magoti yafanye kazi. Macho yanatazama mbali, si kwenye gurudumu. Kwa dakika kumi hivi hakuna mhariri ambaye hajajibu, hakuna chuo.

Mvua ya Aprili ilinifundisha hesabu nyingine. Udongo wetu mwekundu ukilowa unashika tairi, unajaza uma, unakula cheni. Siku moja nilipima nikirudi: kilo 13 na nusu. Nilikuwa nimebeba shamba la watu.

Fremu ilipasuka Mei, nikishuka kutoka msituni. Nilikaa kitini kwenye shimo ambalo nilipaswa kusimama. Nilisikia sauti kama ya kikombe cha bati kikianguka, na kiti kikalala nyuma. Bomba fupi lilikuwa limeshika sehemu ndogo tu ya juu, likaifungua kama mtu anayefungua mkebe. M-Pesa ilikuwa na shilingi 40. Nikampigia Baba.

Alikuja baada ya saa moja na zaidi, akisukuma Mamba. Hakusema kitu. Alilaza haditeli juu ya keria, akaifunga kwa blada, zile kamba za tyubu kuukuu, akavuta kila fundo mara mbili. Tukaanza kushuka kwa miguu, yeye ameshika usukani, mimi nashikilia nyuma.

Baba hajawahi kuniuliza kwa nini niliacha chuo mwaka wa tatu. Nilijua ataniuliza siku hiyo. Njia ilikuwa ndefu, na hakuna mtu mwingine. Nilikuwa hata nimepanga jibu.

"Ulikata bomba kwa nini?" akauliza.

"Kupunguza uzito."

"Kilo ngapi?"

"Gramu sitini."

Akasimama. Alicheka hadi akaegemea Mamba, na mimi nikacheka, kisha nikashindwa kuendelea na ikabidi niangalie upande wa chai. Yeye akasubiri. Halafu tukaendelea kushuka.

Fundi alipitisha ukucha kwenye ufa. "Hii si chuma, kijana. Ingekuwa chuma ningekushikia saa hii hii." Mashine yake ya kuchomelea haiwezi alumini. Kwa hivyo fremu niliyo nayo sasa ni ya chuma, kuukuu, vipuri vilevile. Kilo 12.6. Bomba la kiti ni refu, na sikulipeleka bucha.

Jumamosi iliyopita niliamka nikakuta haipo. Baba alirudi nayo saa nne, sukari na majani ya chai yakining'inia kwenye usukani ndani ya mfuko, jasho kidogo tu kwenye kofia. Akaiegemeza kando ya Mamba.

"Breki zake zinashika haraka sana," alisema. "Na hicho kiti ukishushe."