Kiraka cha Ndege

Watu wakisikia kwamba sisi ni watu wa kazi ya ndege, hutuuliza kama twaweza kuziendesha. Hatuwezi, wala hatushiki nyundo wala kekee. Kazi yetu ni hesabu: kujua kila kipande cha ndege kinachukua mzigo gani, na kama kitauchukua pasipo kuvunjika.

Ndege hukaa kazini miaka ishirini hata thelathini, na katika muda huo wenyewe hutaka kuibadili. Huyu ataka iliyochukua abiria sasa ichukue shehena, basi mlango mkubwa hukatwa ubavuni. Yule ataka chombo kipya cha mawasiliano juu ya paa, na bati lazima litobolewe. Hapo ndipo tunapoitwa.

Msomaji na afikiri hivi. Juu sana hewa ni nyembamba, haimtoshi mtu. Kwa hiyo hewa hutiwa ndani ya ndege kwa nguvu, nayo husukuma kuta zake kutoka ndani. Katika ndege kubwa kila mita moja ya mraba yaweza kusukumwa kwa nguvu ya uzito wa tani tano, na bati lenyewe mahali pengi lina unene wa milimita moja au mbili tu. Ndege ikipanda, bati hutanuka kidogo, ikishuka, hulegea. Mtu akikosa koleo huukunja waya na kuukunjua, akarudia hata ukakatika. Ndivyo bati nalo lichokavyo.

Tundu likikatwa, nguvu iliyokuwa ikipita pale haipotei, bali huzunguka kando yake, kama maji ya mto yazungukavyo jiwe. Kwa hiyo twaweka kiraka na kukifunga kwa ribiti. Mgeni wa kazi hii hudhani kwamba kiraka kinene zaidi ndicho bora. Sivyo. Kiraka kigumu mno huivuta nguvu kwake, na safu ya ribiti iliyo ukingoni huelemewa kuliko nyingine. Ufa huanza pale, chini ya kiraka, jicho lisipofika.

Mwaka 1978 ndege ya Japani aina ya Boeing 747 iligonga mkia chini ilipotua Osaka. Ukuta wa nyuma uzuiao hewa ulitengenezwa, lakini bamba la kuungia lilikatwa vipande viwili, hata mzigo uliotakiwa kuchukuliwa na safu mbili za ribiti ukachukuliwa na safu moja. Ndege ile iliruka zaidi ya mara 12,000, na hakuna aliyeona neno. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ukapasuka, sehemu kubwa ya mkia ikang'oka, watu 520 wakafa. Wanne tu waliokoka.

Habari hii twaikumbuka kila tunapotakiwa kutia sahihi. Siku moja mafundi walitoboa matundu ya ribiti karibu mno na ukingo wa kiraka. Kwa desturi, tangu katikati ya tundu hata ukingoni pasipungue upana wa matundu mawili. Palipungua chini ya milimita moja. Wenye ndege walikuwa wakingoja, na kila siku ya kungoja ilikuwa hasara kwao. Wakatuambia, "Mabwana, tieni sahihi tu, nani ataona?" Tulifanya hesabu usiku, tukairudia asubuhi. Mzigo wa siku moja kiraka kingeuchukua. Mzigo wa miaka kisingeuweza. Tukakataa. Kiraka kikang'olewa, kikafanywa kingine kipana zaidi, na ndege ikachelewa siku nne.

Hakuna aliyetushukuru, wala hatukutazamia shukrani. Abiria wa ndege ile hupanda na kushuka, hawajui kwamba juu ya vichwa vyao pana kiraka. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Walakini ukuta wa ndege ukipasuka angani, hapana nafasi ya kuujenga tena. Kwa hiyo yatupasa kuufikiri ufa kabla haujazaliwa.