Uliiambia Ni Mwaka Gani?

“Mimi nilikuwemo kwenye kompyuta.” Kauli hii baba yangu mdogo ameirudia nyumbani Nyarugusu kwa miaka mingi, kiasi kwamba watoto wa ukoo huifanyia utani. Katika miaka ya tisini alikuwa mwanachama wa kikundi cha wachimbaji wadogo kilichoandikisha maduara yake katika kompyuta iliyoletwa na mradi fulani. Mradi ulikwisha, kompyuta ikafa, daftari la karatasi likaliwa na mchwa, na miaka ilipopita duara lake likaja kuangukia ndani ya leseni ya mtu mwingine. Kila alipofika katika ofisi husika alijibiwa kwamba jina lake halionekani.

Desemba 2023, nikiwa likizo, alinikabidhi kopo la maziwa ya unga lenye disketi 11.

“Wewe unafundisha chuo kikuu,” akasema. “Nisomee.”

Ninafundisha siasa, si kompyuta. Lakini kijijini mhadhiri ni mhadhiri, na kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Niliazima kisomeo cha disketi kwa rafiki. Kati ya zile 11 zilisomeka 3 tu, na moja kati ya hizo ilikuwa na mfumo wa DOS pamoja na programu ya daftari la kikundi. Tatizo likawa mashine ya kuiendeshea. Hapo ndipo nilipolazimika kujifunza emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ya leo iigize kompyuta ya zamani. Niliyoitumia inaitwa QEMU, programu huria iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003.

Watu wa fani hiyo huiita kompyuta halisi mwenyeji, na mfumo unaoendeshwa ndani yake mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku mambo ni kinyume: mgeni huyu huamka hajui lolote. Hajui ana kumbukumbu kiasi gani, hajui aanzie diski ipi, hajui leo ni siku gani. Hana dirisha la kuchungulia nje. Yote hayo huambiwa na mwenyeji kabla hajaanza kazi, na akishaambiwa huamini.

Namna anavyoambiwa inastahili maelezo. QEMU humwekea mgeni wa aina ya PC kijisanduku cha taarifa kiitwacho fw_cfg. Programu ndogo ya kuamshia mashine hukifungua kijisanduku hicho, ikahakikisha kwanza kwamba kina saini ya herufi nne, Q, E, M na U, kisha ikasoma: kumbukumbu kiasi hiki, vichakataji vingapi, anza na diski ile. Baadhi ya majibu huyapanga mahali palepale ambapo kompyuta za PC zimekuwa zikiyaweka tangu mwaka 1981, ili mfumo wa zamani uyakute ulikoyazoea. Namba ya diski ya kuanzia, kwa mfano, huachwa katika rejista ndogo ya kichakataji: 0 ikiwa ni disketi ya kwanza, 128 ikiwa ni diski kuu ya kwanza. Mara ya kwanza niliiagiza mashine ianze na diski kuu ambayo sikuwa nimeipa. Ikanijibu kwamba hakuna kifaa cha kuanzia, ikanyamaza. Disketi ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa langu.

Niliporekebisha, herufi nyeupe zilitokea juu ya weusi. Kisha orodha: namba ya duara, jina, mwisho wa ada, hali. Juu yake kulikuwa na anwani ya kikundi: Nyarugusu, Wilaya ya Geita, Mkoa wa Mwanza. (Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Ofisa anayemtafuta mtu huyu kwa jina la mkoa wa leo hawezi kumkuta katika daftari la jana, wala hatakuwa amedanganya akisema haonekani.) Baba mdogo alikuwa mstari wa 34. Hali yake: HAI.

Alisimama. Akamwita mkewe, akawaita na majirani wawili. Akataka nichape karatasi siku ileile aipeleke ofisini. Nami nilikuwa nimeshawasha mashine ya kuchapia nilipogundua kwamba wanachama wote, bila hata mmoja kubaki, walikuwa HAI. Kikundi cha wachimbaji ambacho hakuna mtu aliyechelewa ada? Nimekulia Nyarugusu, nilijua hilo haliwezekani.

Nikatazama pembeni ya kioo. Tarehe ilionesha mwaka 23. Aliyeiandika programu ile alihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili, kama wengi wa zama zake, na emuleta, nisipoielekeza vingine, humpa mgeni saa ya mwenyeji. Programu ililinganisha 23 na 95, ikaona 23 ni ndogo, ikahitimisha kwamba hakuna ada hata moja iliyofikia mwisho. Nilizima, nikaiamsha tena nikiiambia ni Juni 1996. Mstari wa 34 ukasomeka IMEKWISHA. Nikaiambia Juni 1994. HAI.

Ndugu msomaji, naomba uelewe nilipokuwa nimekaa. Ukumbini palikuwa na mzee mwenye furaha. Mkononi nilikuwa na mashine ambayo ingeweza kumchapia ushindi au kushindwa, na zote mbili zingetoka katika disketi ileile, bila mimi kugusa hata herufi moja ya daftari. Ningeweza kuapa mbele ya hakimu kwamba sikubadilisha kumbukumbu, na ningekuwa nimesema kweli.

Watu wa ukanda huu hawachukulii daftari kama mchezo. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, upande wa Kahama, na ubishi kuhusu yaliyotokea siku zile haujazimika hadi leo. Tangu hapo sheria ya madini imeandikwa upya mwaka 1998 na tena mwaka 2010, na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2017. Kila mara mfumo mpya umeamshwa, na kila mara kuna mtu aliyekaa mezani akiujazia taarifa za kuanzia. Chukua jambo dogo la vipimo. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960. Vifaa vya GPS hutumia WGS 84. Namba zilezile za eneo, zikisomwa kwa msingi usio wake, huhamisha mahali kwa takriban mita 300. Kwa mwenye shamba la pamba hilo ni usumbufu. Kwa mwenye duara, mita 300 ni duara la mtu mwingine.

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wanafunzi wangu huicheka hatua hiyo, nami zamani niliicheka pamoja nao. Bado naiona kuwa ilikuwa kosa, ila kicheko changu kimepungua.

Nilimweleza baba mdogo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo sijawahi kulisikia katika warsha yoyote ya mifumo niliyohudhuria: “Sasa wewe uliiambia ni mwaka gani?”

Nikamwambia: nilianza na wa leo, kisha miwili mingine.

“Na yenyewe inajua ni mwaka gani?”

Swali hilo lilinirudisha kwenye disketi. DOS huliwekea kila faili tarehe ya mara ya mwisho kuandikwa. Faili la orodha lilikuwa na Novemba 1994. Ada ya baba mdogo ilikuwa iishe Machi 1995. Yaani siku ya mwisho ambayo mtu yeyote aliligusa daftari lile, yeye alikuwa hai, na baada ya hapo daftari halikuwa na mtu wa kulijazia. Hata tarehe hiyo si msahafu, kwa kuwa ilitoka kwenye saa ya kompyuta ile: mafaili mawili yalisema 1 Januari 1980, tarehe ambayo DOS hujipa isipoambiwa kitu, ishara kwamba kuna siku betri ilikuwa imekufa. Lakini orodha ilisema Novemba 1994, na stakabadhi moja aliyokuwa nayo baba mdogo ilikuwa ya Oktoba mwaka huohuo.

Niliiamsha mashine kwa mara ya nne, nikaipa Novemba 1994, nikachapa. Alinitaka niandike kwa kalamu, juu ya karatasi, kwamba mwaka huo niliuingiza mimi, na kwa nini. Niliandika mistari mitano, nikatia saini. Akaomba pia ile karatasi ya 1996. Nilishangaa, nikampa.

Jumatatu tulizipeleka zote mbili ofisini pamoja na stakabadhi. Zilipokewa, zikagongwa muhuri. Muhuri wenyewe ulikuwa haujabadilishwa tarehe tangu Ijumaa, na baba mdogo akamwomba kijana wa mapokezi, kwa upole, aurekebishe kwanza.

Jalada bado lipo huko.