Udongo Unaoyumba

Mama zetu wa Upareni walifinyanga vyungu vyao bila gurudumu. Tonge la udongo liliwekwa juu ya kigae, ukuta ukapandishwa kwa misokoto, na mfinyanzi akakizunguka chungu chake akiwa ameinama, au akakigeuza taratibu kwa mkono. Katikati ya chungu ilikuwa machoni mwake. Gurudumu, ambalo Wamisri walilitumia zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, hugeuza mambo: udongo ndio unaozunguka, mfinyanzi ameketi, na udongo usipokaa kati barabara, kazi yote ni bure.

Mpwa wangu wa Same aliuza mbuzi watatu ili atengenezewe gurudumu la kusukuma kwa mguu. Alitaka kufinyanga vikombe na vyungu vya maua vya kuwauzia wasafiri wa barabara kuu, maana mtungi wa maji umekwisha kushindwa na ndoo ya plastiki. Miezi miwili mizima udongo ulimyumbia. Aliyekuwa akimfundisha alimwambia kwamba hana mikono ya kazi hiyo, naye akatafuta mtu wa kulinunua gurudumu.

Hukumu ile haikunipendeza. Mkono, ndugu msomaji, ushitakiwe mwisho. Lilipozunguka tupu, gurudumu lilionekana zima. Nilipoikandamiza sahani yake upande mmoja, mhimili ukacheza ndani ya beringi. Nani angeweza kuweka udongo kati, hali hiyo kati yenyewe inahama? Fundi alikuja kukaza, akinung'unika.

Udongo ukaendelea kuyumba, safari hii kwa kurukaruka. Tukaukata kwa waya. Ndani mlikuwa na vibonge vikavu, vitundu vya hewa na changarawe. Upepo wa tambarare ya Same hukausha udongo nje, ndani ukabaki tope. Ukikandwa kwa haraka hauchanganyiki. Hapo nilimwita bibi mmoja jirani, mfinyanzi wa zamani aliyeteremka kutoka milimani, ambaye hajawahi kuligusa gurudumu.

"Mjukuu wangu, huu hujaukanda, umeubembeleza," alisema.

Akauponda, akatoa changarawe, akaukanda kwa uzito wa mwili wote, akaukata na kuukanda tena, hata uso wa mkato ukawa laini, wa rangi moja. Kwangu mimi kazi ile ilikuwa nusu ya ufinyanzi, ingawa hakuna anayesimama kuitazama.

Ndipo tukafika kwenye mikono, na yaliyobaki yalikuwa machache. Sahani iwe kavu kiasi, la sivyo tonge litateleza. Kiwiko kiegemee paja, kwani mkono unaoning'inia huufuata udongo badala ya kuuongoza. Maji yawe haba. Gurudumu liende kasi wakati wa kuweka kati, lipunguzwe wakati wa kutoboa. Na mikono iondolewe polepole. Hapo ndipo mpwa wangu alipokuwa akiharibu, kwa kuikwapua mara udongo ulipotulia.

"Mjomba, kumbe unanyamaza!" aliniambia siku ya nne. Kweli, udongo ulikuwa unazunguka kana kwamba umesimama.

Mnunuzi wa gurudumu alifika Jumamosi, fedha mkononi. Mpwa wangu alimkaribisha kiti kwa kidevu, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini.