Idi ng'ambo ya Ziwa Nyasa

Ilikuwa mwezi 17 Ramadhani nilipoagana na ahli zangu mjini Dar es Salaam. Tulikuwa watu watatu, tumealikwa na madrasa moja ya Nkhotakota, nchini Malawi, tusomeshe katika kumi la mwisho na tusali Idi pamoja na wenyeji wetu. Tangu nioe sikuwahi kuwa mbali na nyumba siku ya Idi, na binti yangu wa miaka minane alikuwa amenikasirikia.

Mama yake hakunizuia. Alinifungia tende na kunambia, "Nenda, baba watoto, Mwenyezi Mungu akutangulie. Ila uniachie fedha ya zakatul fitri na ya nguo za watoto kabla hujapanda basi. Daawa isianzie njiani ikaiacha nyumba nyuma." Nikatoa. Ndugu msomaji, wengi wetu tunaosafiri kwa ajili ya dini tungalisalimika na lawama nyingi lau tungeyasikiliza maneno kama hayo.

Tulishika njia ya Mbeya hadi mpakani Kasumulu, tukavuka mto Songwe, na jioni tukawa Karonga. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Kijana mmoja katika msafara hakuwa amerudisha saa yake ya mkononi, nusura afungue na jua bado lingali juu. Tukacheka, naye akaona haya. Kutoka hapo tulipita Mzuzu, tukateremka tena ziwani kwa Nkhata Bay, kisha tukafuata barabara ya pwani kuelekea kusini. Tulikata katikati ya mashamba ya miwa ya Dwangwa, na kila mahali wanawake walikuwa wameanika usipa, vile vidagaa vya ziwani, juu ya vichanja. Katika masoko tulikuta mchele uitwao Kilombero. Nilifurahi kulikuta jina la bonde letu likitajwa na mama muuzaji asiyejua Kiswahili.

Malawi ni nchi ya Wakristo wengi. Katika sensa ya mwaka 2018 Waislamu walikuwa kiasi cha 14 katika kila watu 100, na wengi wao wanaishi kando ya ziwa na kusini, hasa miongoni mwa Wayao. Hata hivyo, ukiingia Nkhotakota hujioni mgeni. Msikiti wanauita mzikiti, na mtu wa dini wanamwita mwalimu. Wazee huvaa kanzu na kofia, na watoto husoma alifu kwa sauti ile ile tuliyosomea sisi kwetu Kilwa Kivinje.

Nami ndivyo nilivyopanga kusema katika hutuba ya Idi, kwa kuwa imamu alikuwa ameniomba niisome. Nilikwisha kuiandika nikiwa Dar es Salaam. Kiini chake kilikuwa kwamba wazee wetu wa pwani walivuka misitu na ziwa wakaleta nuru katika nchi hii, na sisi watoto wao tumekuja kuitia mafuta taa ile. Niliiona hutuba nzuri.

Jioni ya mwezi 29 tulitoka na imamu kuutazama mwezi. Alikuwa mzee aliyekaribia miaka 80, na Kiswahili chake alikipata Mbeya alikofanya kazi ujanani. Tulisimama ufukoni, ziwa tukalipa mgongo, tukaangaza magharibi kwenye vilima. Mwezi ulionekana, mwembamba kama ukucha. Takbira zikapaa. Watoto wakakimbia mjini kupeleka habari, na vijana wa madrasa wakaenda kugawa mahindi na mchele wa zakatul fitri kwa waliokuwa bado hawajafikiwa.

Nilitaka kuwafuata, mzee akanishika mkono.

"Mwalimu, umetazama huko vya kutosha. Sasa geuka utazame huku."

Nikageuka, nikaona maji matupu yanayoingia giza.

"Huko ndiko kwenu," akasema. "Bibi wa mama yangu alikuwa avushwe maji haya apelekwe Kilwa. Alikuwa msichana mdogo, ameshikwa bara. Aliugua, wenye jahazi wakaona hatafika, wakamwacha kwa mtu wa hapa hapa aliyemnunua kwa bei rahisi. Katika nyumba ile ndimo alimojifunza shahada. Akaipenda dini mpaka kufa kwake, na sisi sote tumetokana naye. Lakini jina la kwao hakulijua tena. Dini tuliipenda, mwalimu. Waliokuja nayo tuliwajua."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemwonesha mgeni kisima kilipo, ili asije akatumbukia usiku.

Habari yenyewe ya mji huu imeandikwa, wala si siri. Katika miaka ya 1840 mfanyabiashara aliyetoka Unguja, Salim bin Abdallah, alijenga makao yake hapa, na watawala waliomfuata wakaitwa Jumbe. Majahazi yao yalivusha pembe na watu hadi ng'ambo ya mashariki, na kutoka huko misafara iliteremka kwa miguu hadi pwani, na Kilwa Kivinje ndiyo iliyokuwa bandari yake kubwa. David Livingstone alifika hapa mwaka 1861, na mti unaohusishwa na jina lake unaoneshwa hadi leo katika eneo la kanisa. Hapo hapo amezikwa Askofu Chauncy Maples, aliyezama ziwani mwaka 1895. Misheni yake, baada ya kushindwa kusimama katika nchi hii miaka ya 1860, ilihamia Unguja, na baadaye ikajenga kanisa kuu pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873.

Nilikuwa nikiyajua hayo yote. Nimewahi hata kuyabishia barazani, nikisema kwamba yametiwa chumvi na wenye makusudi yao, na kwamba Wazungu nao walibeba watumwa wengi kuvuka Atlantiki. Hayo ya Atlantiki ni kweli. Lakini mzee hakuniuliza habari za Atlantiki. Alikuwa akinieleza habari za bibi yake.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka kwamba Qur'ani, katika Surat al-Balad, imelihesabu kumwacha huru mtumwa kuwa ndiko kuipanda njia ngumu ya mlimani. Nikakumbuka mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba anayemuuza mtu huru na kula thamani yake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Waliomkamata msichana yule bara, na waliomnunua kwao, ni nani waliyekuwa wakimtii? Si Uislamu. Na kama mimi ninaupenda Uislamu, kwa nini niwatetee waliouvunja, kwa sababu tu walivaa kanzu kama yangu na kusema lugha yangu?

Asubuhi tulisali uwanjani, wanaume mbele, wanawake na watoto nyuma yao. Hutuba ile ya Dar es Salaam niliiacha mfukoni. Nilisema kwa ufupi, na imamu akafasiri sentensi moja moja. Nilisema kuwa mimi ni mtu wa Kilwa, na kwamba katika njia iliyoleta Kitabu hapa ilipita pia minyororo. Kitabu kilikuwa cha Mwenyezi Mungu, minyororo ilikuwa ya watu. Nikasema kuwa wazee wa hapa walikipokea Kitabu wakijua tofauti hiyo, na kwa hiyo nuru iliyopo ni fadhila za Mola wao na subira yao wenyewe. Nikawaomba watuombee dua, sisi na waliotutangulia.

Imamu alisita kidogo kabla ya kuifasiri sentensi ya mwisho. Alipoimaliza, uwanja ulikuwa kimya, isipokuwa watoto. Kisha akateremka akanipa mkono, "Taqabbala-llahu minna wa minkum," asiongeze neno.

Mchana tulikula wali, mbuzi na samaki aina ya chambo nyumbani kwake. Jirani yake, ambaye ni mwimbaji wa kwaya katika kanisa lile lenye kaburi la askofu, alikuja na mkewe na kapu la maembe. Alikuwa ameisikia hutuba kupitia kipaza sauti. Akamwambia imamu jambo kwa Kichewa, mzee akacheka, akanifasiria: "Anasema, leo mgeni wako ametuondolea swali ambalo tulikuwa tukiona haya kukuuliza."

Niliwapigia simu wanangu. Kwao ilikuwa saa tisa, kwetu saa nane. Binti yangu akauliza, "Baba, huko nako kuna Idi?"

"Ipo, mwanangu. Na ukikua kidogo nitakuleta uione, maana kuna jambo kando ya ziwa hili ambalo mtu wa Kilwa hafai kulisikia akiwa mtu mzima kama nilivyolisikia mimi."

Tunawafundisha watoto wetu, tena tunafanya vyema, kwamba wazee wa pwani walikuwa wanavyuoni na mabaharia. Tuwafundishe na haya mengine, tukiwa nasi tumekaa nao nyumbani, kwa utulivu, na kwa hoja za dini yao. Wasipoyasikia kwetu, watayasikia kwa mwingine, naye atayasimulia kana kwamba minyororo ile ndiyo iliyokuwa dini yenyewe.