Faili Limerudi

Jumanne, 9 Aprili 2019, Ipinda

Barua imefika. Nimeisoma nimesimama mlangoni, viatu vyote matope. Rufaa ya jeraha lake baba la vita imerudishwa. Baba akapimwe upya: eksirei ya paja, kipimo cha masikio, na daktari aseme maumivu yanatokana na vita au ni umri.

Umri! Chuma kimo pajani tangu Machi 1979. Ukipapasa juu ya goti, upande wa nje, unakigusa: kigumu kama mbegu ya kakao iliyokauka, kinateleza kidogo chini ya ngozi. Utotoni nilidhani kila baba anacho.

Sijamwambia.

Jumatano, 10 Aprili

Nimemwambia. Kanyamaza, halafu kauliza nauli ya Mbeya siku hizi shilingi ngapi. Basi. Aliyelia ni mama.

Mvua usiku kucha. Rafiki wa baba aliyembeba alipojeruhiwa kule Lukaya, Uganda, tulishamzika, Matema. Shahidi gani tena wanamtaka?

Alhamisi, 11 Aprili

Miaka 40 leo tangu Kampala itekwe. Kakumbuka mwenyewe, kabla ya chai. Yeye Kampala hakufika. Siku hiyo alikuwa kitandani, hospitali. Kaanza kusimulia ya Lukaya: barabara iliyokatiza kinamasi, jioni, makombora ya Walibya yakimiminika. Anapaza sauti hadi majirani wanasikia, kwa sababu mwenyewe hajisikii. Sikio la kushoto limekufa kabisa.

Nimeandika kila neno. Nitaambatanisha.

Jumamosi, 13 Aprili

Kyela mjini, kwa mzee aliyekuwa karani wa mahakama. Kaisoma barua, kairudia.

"Mwanangu, hapa hamjakataliwa. Wangekataa wangeitupilia mbali rufaa. Uamuzi wa kwanza umetenguliwa, wanataka maelezo ya daktari yaliyokamilika."

Ripoti ya kwanza ilikuwa mistari mitatu! Daktari yule hata suruali hakumvua. Mzee kanitajia ya kuomba: chuma kiko wapi, kina ukubwa gani, goti linakunjika hadi wapi, na chanzo kitajwe waziwazi. Chanzo kisipotajwa, faili litarudi tena.

Ndaga fijo, mzee wangu. Moyo umetulia kidogo.

Kidogo tu. Mistari mitatu aliandika mtu mwingine, na anayepanda basi ni baba, mguu kaunyoosha kwenye njia ya abiria, milima yote ile ya Tukuyu. Yeye ndiye wa kuthibitisha, kila mara yeye. Inaniuma.

Jumapili, 14 Aprili. Matawi

Kaenda kanisani na fimbo yake, tawi mkono wa pili.

Mama kakubali tuuze gunia la mpunga lililobaki. Tunaondoka tarehe 23, Pasaka ikishapita. Cheti cha jeshi baba atakibeba mwenyewe, hataki nikiguse. Sawa. Mimi nabeba karatasi ya maswali. La kwanza, chanzo. Sitoki kwa daktari kabla hajaliandika hilo na kutia sahihi.